Nilitafuta mwanamke kwenye simu yake, nikakuta Toyota Noah

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, naishi Buswelu hapa Mwanza na nauza vitenge Makoroboi. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Tuna watoto wanne. Hanywi, hapigi kelele, na mshahara ukiingia ananionyesha ujumbe wa benki bila kuombwa. Haya nayasema mapema ili usije ukaniambia nimchunguze vizuri.

Tatizo ni alfajiri. Tangu mwaka jana anaamka saa kumi, anatoka chumbani na simu, anakaa sebuleni bila kuwasha taa. Usiku wa kuamkia Alhamisi ndio mbaya zaidi, hapo hata saa tisa na nusu ameshanyanyuka. Mwanzoni nilidhani ni tumbo. Baadaye nikadhani anasali, nikafurahi. Halafu nikadhani hicho unachodhani wewe sasa hivi. Mwanaume anakaa gizani na simu, anatabasamu peke yake, ukitokea anailaza kifudifudi. Ungedhani nini?

Siku moja akaenda kuoga, nikaifungua. Namba ya siri naijua, ni mwaka aliozaliwa mama yake. Nikapekua WhatsApp, nikapekua picha, nikapekua miamala. Nilikuta magari. Picha za magari kutoka Japan, mengi ajabu, kila moja na namba yake na karatasi iliyoandikwa kwa maandishi ya kwao, ina mchoro wa gari uliojaa vialama. Nilikaa kitandani sijui nicheke au nilie.

Nilipomuuliza hakukasirika. Alinieleza kama anafundisha darasa la tano: ni minada ya magari yaliyotumika, kwetu ikiwa saa kumi alfajiri kule ni saa nne asubuhi, ndiyo wanaanza kuuza. Amejiandikisha bure kwenye tovuti ya wakala mmoja. Anaona gari linaingia, bei ya kuanzia, kisha limeuzwa yen ngapi. Na ana kauntabuku, Shangazi, ya kurasa nyingi. Tarehe, aina ya gari, mwaka, kilomita, gredi, bei ya kuanzia, bei lililouzwa, kwa kalamu ya bluu na nyekundu kana kwamba anasahihisha mitihani. Kuna Alphard mbili tatu, kuna IST, lakini sehemu kubwa ya kitabu chote ni Noah.

Nikamuuliza, unanunua? Akasema hapana, naangalia tu. Na kweli hela ya gari hatuna. Mkopo aliochukua tukamalizia nyumba bado anakatwa, na mtoto wetu mkubwa yuko kidato cha tano bweni. Yeye mwenyewe anakwenda kazini kwa daladala.

Ningenyamaza, lakini maneno yameshatoka nje. Kazini wanamwita Mjapani. Mama yake anaishi Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe amemwambia mama kwamba siku moja atamfuata na gari, mambo ya kusubiri kivuko yameisha. Sasa mama mkwe akipiga simu ananiuliza mimi gari limefika wapi. Nimjibu limefika kwenye kauntabuku?

Halafu kuna kaka yangu, mfanyabiashara wa Geita. Alikuja Pasaka, wakakesha na mume wangu juu ya kile kitabu. Hivi karibuni kaka amemtumia shilingi milioni tatu, eti aweke amana, akiona gari zuri apande dau kwa niaba yake. Mume wangu hajakataa. Hajazipeleka popote pia, zipo kwenye simu. Nikimuuliza anasema "bado naangalia". Na kaka akitaka habari hampigii yeye, ananipigia mimi.

Hii ni kamari? Ni ugonjwa? Bando linaisha, usingizi hapati, mchana anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi. Nimkataze? Na hizi hela za kaka tufanye nini?

Mke wa Mwalimu, Buswelu

*

Marahaba mwanangu.

Tumalize habari ya simu kwanza. Umepekua simu ya mumeo ukakuta Noah. Barua ninazopata mimi, wenzako hupekua wakakuta watoto. Shukuru, na usirudie. Yeye naye mwambie kwamba mtu asiye na la kuficha hailazi simu kifudifudi saa kumi alfajiri.

Sasa kamari. Kamari unatoa hela ukingoja bahati ikurudishie zaidi. Mumeo hajatoa kitu zaidi ya bando na usingizi. Wewe ni mtu wa Mwanza, lazima umewahi kupita mnada wa ng'ombe, iwe Misungwi au Magu. Kuna wazee pale huwakosi wiki hata moja. Wamevaa koti, wameshika fimbo, wanamzunguka dume, wanamshika nundu, wanauliza bei, wanatikisa kichwa, wanahamia kwa mwingine. Jioni wanarudi nyumbani bila hata mbuzi. Hakuna anayewaita wagonjwa. Siku kijana wa ukoo akitaka ng'ombe wa mahari, mzee yule ndiye anayetangulizwa mbele, kwa sababu hadanganyiki. Mumeo amepata mnada wake, ila wa kwake uko ng'ambo ya bahari na unafunguliwa watu wamelala.

Tena usiyadharau anayoyasoma. Ile karatasi yenye mchoro ndiyo karatasi ya mnada. Kwenye minada ile kuna wakaguzi wanaolizunguka gari kabla halijauzwa na kuliandikia gredi. Gredi 4.5 ni gari safi sana kwa lililotumika, 4 ni zuri, 3.5 lina michubuko ya kawaida ya umri wake, na likiandikwa R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Ndani ya gari nako kuna herufi yake, A ndiyo bora. Na vile vialama ulivyoona kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki alama, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na tarakimu inayofuata inasema ni kidogo au kikubwa. Watu wengi hapa nchini wanalipa mamilioni kwa gari ambalo karatasi yake hawajawahi kuiona, au wameiona wakadhani ni risiti. Mwalimu wako anaisoma gizani. Mwombe akusomee moja, hata kama magari hayakuhusu. Utajua baada ya dakika kumi kama umeolewa na mgonjwa au na mtu ambaye hajapata wa kuzungumza naye.

Hapo nimemtetea. Sasa nimgeukie.

Yule wakala hakumfungulia dirisha lile kwa kumpenda. Mtu wa kawaida hawezi kununua moja kwa moja kwenye minada ya Japan; ni ya wanachama, wafanyabiashara wenye leseni. Ule mnada mkubwa wa kila Alhamisi unaomnyanyua mumeo mapema, kama sikosei kukisia, ni wa USS Tokyo, ambao uko mji wa Noda mkoani Chiba, na pale mtu wa Buswelu anaingia kwa mgongo wa wakala tu. Wakala anaruhusu watu watazame bure akijua katika watazamaji wengi wachache watafika mahali waseme "hili lisinipite", waweke amana. Biashara yote ya minada ya mtandaoni imejengwa hivyo. Tazama eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar: wana kitufe maalumu cha kufuatilia kitu bila kukinunua, muuzaji anaona ni wangapi wanaokifuatilia, na anaweza kuwatumia bei ya punguzo hao hao wanaodhani wanachungulia tu. Kwa hiyo mumeo anapotazama mnada, mnada nao unamtazama. Hilo alijue. Akianza kupata simu na ujumbe wa "Mheshimiwa, Noah yako ipo", asijione amekuwa mteja muhimu.

Jambo la pili ni hicho kitabu. Sijakiona, lakini ninahisi kina kasoro ambayo mwalimu wa hesabu atakubali kuisahihisha. Bei anayoiandika kwa kalamu nyekundu ni ya pale mnadani, nayo ni mwanzo wa safari. Inaongezwa ada ya mnada, ada ya wakala, usafiri wa kule mpaka bandarini, meli, bima. Gari likifika Dar es Salaam ndipo TRA wanapoingia. Tuseme thamani yake pamoja na meli na bima ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo 2,500,000. VAT asilimia 18 haipigwi kwenye ile kumi, inapigwa juu ya jumla, ushuru ukiwemo, kwa hiyo ni angalau 2,250,000 nyingine. Umeshafika 14,750,000 na bado hujagusa ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, wala nyongeza ya magari yaliyozeeka, ambayo kwa Noah nyingi tunazozimudu sisi ndiyo inayoumiza. Ongeza usajili, wakala wa forodha, kisha dereva na mafuta ya zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Mwanza.

Na kuna hili ambalo watazamaji wengi hawalijui: TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika, kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, mtu yeyote anaingiza aina, mwaka na injini anaona kodi. Ukibahatika ukapata gari kwa bei ya kutupa mnadani, kodi haishuki kwa sababu ya bahati yako. Basi mwambie aongeze safu moja kwenye kauntabuku, ya "mpaka Buswelu". Akishaijaza kurasa mbili tatu, mazungumzo yenu yatakuwa mengine kabisa, na wewe hutahitaji kumkataza kitu.

Usingizi usiupuuze, anafundisha watoto wa watu. Matokeo ya mnada hayayeyuki. Tovuti nyingi za mawakala zinaweka kumbukumbu ya bei zilizopita, anaweza kuzisoma jioni baada ya kula. Atakuambia haina utamu kama kuona lenyewe likiuzwa, pale ambapo gari moja halimalizi hata dakika. Ana haki. Mpe alfajiri moja kwa wiki. Kuna minada ya Jumamosi pia, Kobe kwa mfano, na Jumamosi hana kipindi. Hiyo ya kuamkia Alhamisi aiache.

Nirudi nyuma kidogo. Umeniandikia kwamba kitabu karibu chote ni Noah, ukapita haraka. Mtu anayeota ukubwa anafuatilia Land Cruiser, V8, Harrier nyeupe, hasa kama kutazama ni bure. Kwa nini ateseke na Noah? Noah inabeba watu saba, nyingine wanane. Hesabu nyumba yako: wewe, yeye, watoto wanne. Sita. Wa saba yuko Sengerema. Inawezekana ninaona yasiyokuwepo, lakini kama ningekuwa wewe ningemuuliza hilo kabla ya kumuuliza habari za bando.

Na huyo wa saba asidanganywe. Mama mkwe hana kosa, ameahidiwa na mwanawe. Wewe usimjibu. Simu ikija, mpe mwanawe aseme mwenyewe kwamba gari halijanunuliwa na hela hazipo. Kuna wanaume wanaona kusema hivyo kwa mama yao ni aibu kuliko kukopa, na hapo ndipo mikopo ya kijinga inapozaliwa. Likizo ikifika apande basi aende akamchukue. Daraja lile la takriban kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025 kwa ajili ya kila anayevuka, abiria wa basi nao wamo, na mama ataliona ziwa vizuri zaidi akikaa dirishani.

Sasa kaka yako, maana hapa ndipo barua yako iliponiamsha.

Kutazama kumeishia siku ile milioni tatu ilipoingia kwenye simu ya mumeo. Anasema "bado naangalia", lakini mtu anayeangalia hana hela ya mwingine mfukoni. Amekuwa mnunuzi wa kaka yako bila makubaliano yaliyoandikwa, bila ujira, bila kujua nani atabeba hasara. Fikiria ameweka amana kwa jina lake, amepanda dau, ameshinda, halafu kaka yako anasema mbona rangi hii. Dau likishashinda hakuna kurudi nyuma. Usipolipia gari, amana inapotea, na wakala anaweza kudai faini juu yake. Gari likichelewa bandarini ukaanza kulipiwa utunzaji, nani analipa? Likija na sauti ya gia? Wewe utakuwa katikati, kama ambavyo upo katikati leo na hata dau halijapandwa. Sijasema mumeo ataila ile hela. Nasema tu hela ya mtu kwenye simu ya mtumishi wa serikali, tarehe 19 ya mwezi, mtoto anadaiwa mchango shuleni, inahitaji malaika kuilinda.

Zirudi. Zote, kwa wakati mmoja, kwenye namba ile ile zilikotoka, ukiwa umekaa pembeni. Asikate hata za bando. Na ampigie shemeji yake kwa sauti yake, asitume ujumbe wala asikutume wewe: "Shemeji, nimekurudishia, sina ujasiri wa kushika hela yako kwenye jambo hili, lakini utaalamu wangu uko mezani." Kaka yako akinuna, atanuna wiki moja. Mkigombana juu ya gari lililofika na injini mbovu, mtagawana misiba.

Kama kaka kweli anataka gari, njia ipo na mumeo ana nafasi nzuri ndani yake. Kaka ajiandikishe kwa wakala kwa jina lake, amana itoke kwenye akaunti yake ya benki, na mkataba uwe kati yake na wakala. Hela iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye ankara, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu wala akaunti ya "meneja wetu wa Afrika Mashariki". Mumeo kazi yake iwe kusoma. Kaka anamtumia karatasi ya gari, mwalimu anaipitia, anasema hili ni R achana nalo, hili kilomita zake haziendani na gredi, hili lina kutu chini lilikaa pwani. Alinganishe namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ya kwenye picha, kwa sababu karatasi za kughushi zipo. Halafu afungue kauntabuku aseme gari kama hili huwa linauzwa kati ya hapa na hapa, ukivuka hapo umelipia hasira. Kaka akubali au akatae, hela ni yake na dau ni lake.

Kwa kazi hiyo alipwe kitu. Usione haya kulisema, wewe ni mfanyabiashara, unajua kwamba ushauri wa bure haufuatwi. Kiasi wapatane wenyewe kabla gari la kwanza halijasomwa, wakiandike, na nakala moja ibaki kwako kwa kuwa wewe ndiye wanayekupigia simu.